Methali za Wembe Zisomwe kwa Kinyozi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia insha za Kiswahili katika shule za Kenya anaijua "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Muulize maana yake, atakujibu bila kusita: tujifunze kutokana na yanayowapata wengine. Muulize maji ni ya nini, ataanza kutazama dari. Simlaumu. Amezaliwa katika enzi ya mashine ya umeme, na mashine haitaki maji. Nywele zilizolowa huilemea, na kinyozi hukukausha kichwa kwa taulo kabla ya kuiwasha. Kwa mtoto huyo methali imebaki maneno ya kukariri, kwa kuwa kifaa kilichoizaa hakipo tena machoni pake.

Nataka kuzisoma upya methali za wembe, nikianzia kwenye fani. Nazisomea Tala, mji wa soko wa Matungulu katika kaunti ya Machakos, kando ya barabara inayotoka Nairobi kwenda Kangundo, kwa sababu huko wembe haujastaafu. Mashine ikishamaliza kazi yake, mistari ya paji la uso, ya masikio na ya ndevu humaliziwa kwa wembe wa kukunja, ule wa mpini unaotiwa nusu ya kiwembe. Na kuna vijana wanaojifunza kuushika. Dai langu ni kwamba methali hizi ziliundwa na watu walioijua kazi. Mizani yao, viambishi vyao, mahali neno lilipowekwa na jambo lililoachwa bila kusemwa vimeubeba ujuzi huo kwa usahihi, na vitabu vyetu vya methali huuruka vikikimbilia "maana ya ndani".

Tuanze na mizani. Mwe-nza-ko a-ki-nyo-le-wa: 8. Za-ko ti-a ma-ji: 6. Kipande cha kwanza kina urefu wa nusu ya mshororo wa shairi la mizani 16, kipimo ambacho sikio la Kiswahili hukijua hata kabla ya kufundishwa arudhi. Kwa hiyo sikio hungoja nane nyingine, na hazitimii. Kipande cha pili kinakatika mapema na kuacha pengo la mizani 2. Msemaji amenyamaza, na msikilizaji anajua kwamba sasa zamu ni yake.

Halafu sikiliza sauti. Kipande cha pili kinaanza na sauti zilezile zilizofunga neno la kwanza la methali: mwenzako, zako. Neno la pili limo ndani ya lile la kwanza. Yaliyo yako yamekaa ndani ya mwenzako, na methali haikulazimika kulieleza hilo kwa maneno, imeliweka sikioni. Ndiyo maana ninaipenda "zako" kuliko "wewe tia maji", ambayo inasikika sana mitaani. Ile inaeleweka, mizani yake ni ileile, lakini uzi umekatika. "Chako tia maji" inaurudisha uzi nusu, ila inaifunga methali kwenye kichwa peke yake. "Zako" iko wazi: nywele ni zako na ndevu ni zako. Tena kuna "Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji", mizani 12 kwa 6. Hapo kipande cha kwanza kimevimba kwa neno "ukiona", ambalo msikilizaji hakulihitaji, maana mtu aliye kwenye foleni ya kinyozi anaona bila kuambiwa aone. Hilo ni toleo la mfafanuzi.

Kiambishi -ki- cha "akinyolewa" hufundishwa kama cha masharti. Hapa kinashika pia wakati. Methali haikusema "akishanyolewa". Mwenzako yuko kitini sasa hivi, wembe uko shavuni pake, na wakati huohuo mkono wako uko majini. Asiyewahi kunyolewa kwa wembe ataliona hilo kuwa pambo la lugha. Aliyewahi anajua ni kipimo cha muda. Unywele mkavu ni mgumu. Makali huuvuta kabla ya kuukata, na ngozi hufuata mvuto huo. Ukinyonya maji, hasa ya moto, hulainika na kuvimba kidogo, na makali hupita. Lakini haulainiki papo hapo. Unataka dakika mbili tatu. Anayengoja mwenzake ashuke ndipo aanze kujilowesha, ama atakalia kiti na ndevu ngumu, ama atawachelewesha walio nyuma yake.

Niliiona methali hiyo ikitendeka Tala, katika kibanda chenye viti viwili na kioo kirefu. Fundi alikuwa anamalizia ndevu za mteja mmoja. Kijana anayejifunza kazi akamimina maji ya moto kutoka kwenye themosi hadi kwenye karai, akachovya taulo ndogo, akaikamua kwa ncha za vidole kwa jinsi ilivyokuwa inachoma, akampelekea mzee aliyekuwa bado benchini. "Shika hapa, mzee. Bonyeza kidogo." Mzee akaifunika mashavu na kidevu, macho yakabaki nje, na masikio yakaendelea kufuata mazungumzo ya bei ya kahawa. Alipoitwa kitini ndevu zilikuwa zimelegea. Hakuna aliyetaja methali yoyote.

Kuna jambo la kisarufi ambalo nalipa uzito kuliko yote katika sentensi hii. "Akinyolewa" iko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hayupo. Haikusemwa ananyolewa na nani. Wasomaji wengi hujaza nafasi hiyo kwa tishio: dola, adui, balaa. Wakishamweka mtu mbaya hapo, methali inageuka kuwa onyo la kuogopesha: tazama yaliyompata, ujihadhari yasikupate. Lakini soma tena. Kitenzi ni kunyolewa. Si kukatwa, si kuchinjwa, si kuchubuliwa. Hakuna damu wala kilio ndani ya sentensi. Na amri inayofuata haikusema ukimbie wala ujifiche. Ilisema utie maji. Mtu atiaye maji ameshakubali kwamba atanyolewa. Kwa hiyo maana ya shuleni imekosea mwelekeo. Methali haifundishi kuyaepuka yaliyompata jirani. Inasema yatakufikia nawe, kwa zamu, na kinachobaki mikononi mwako ni kuyalainisha yasikuumize. Hiyo ni busara ya mtu aliyekaa benchini, na ni ya ndani zaidi kuliko ile tunayoiandika ubaoni.

Msemo "Wembe ni ule ule" umetamba viwanjani na majukwaani kuliko vitabuni. Timu ikishamfunga mpinzani mmoja, mashabiki humpelekea anayefuata salamu hizo. Kifani ni mfupi mno: mizani 7, kishirikishi "ni" peke yake bila kitendo chochote, bila nafsi, bila kichwa wala ndevu. Vitisho vyote vimetokana na takriri ya mwisho. Ukisema "wembe ni ule" umeonyesha kifaa tu. Ukisema "ule ule" umemkumbusha msikilizaji alichokifanya kifaa hicho, na hukuhitaji kitenzi.

Lakini takriri hiyo imebadilika mikononi mwetu. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi akautangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Katika miaka hiyo tulifundishwa kwamba wembe uliompitia mmoja usimpitie mwingine. Vinyozi wakageuza desturi. Leo kiwembe hukatwa katikati kikiwa bado ndani ya karatasi yake, mbele ya macho ya mteja, kisha karatasi huchanwa na nusu moja ikatiwa kwenye mpini. Mteja asiyeona karatasi ikichanwa ana haki ya kuuliza, na Tala wanauliza. Kwa hiyo msemo unaosifu wembe kwa kuwa ule ule umekuwa, ndani ya kibanda chenyewe, sentensi ya kumkimbiza mteja. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa umbo kubaki palepale huku dunia ikihama chini yake. Mashabiki wa mpira wanautumia kwa maana ya zamani, na wengi wao wangeruka kitini kama fundi angeutamka kwa maana yake halisi.

Mahali pamoja tu msemo huo bado ni kweli bila hofu. Ni pale mtu anapokuwa na wembe wake mwenyewe wa kukunja, wa chuma kizima kisichobadilishwa, aina iliyovipa sifa viwanda vya Sheffield na Solingen kabla ya kiwembe cha kutupa kilichotokana na hataza aliyopewa King Camp Gillette nchini Marekani mwaka 1904. Wembe huo ni ule ule kwa miaka, na hubaki hivyo kwa kutunzwa. Kabla ya kila kunyoa hupitishwa kwenye ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukifika mwisho wa ukanda hugeuzwa juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, maana hapo ndipo wanaoanza hukata ukanda na kuharibu wembe kwa mkupuo mmoja. Makali yakichoka kabisa hurudi kwenye kinoo. Wembe mmoja, uso mmoja.

Na anayenunua wembe wa namna hiyo ili ajinyoe mwenyewe nyumbani anakutana ana kwa ana na methali ya tatu: "Kinyozi hajinyoi." Mizani 7 tena. Tazama ufundi wake. Maneno ni mawili tu, na yote yamejengwa juu ya shina moja. Mara ya kwanza shina limempa mtu cheo, mara ya pili limemnyima kazi ya cheo hicho. Sauti "nyo" imekaa katikati ya maneno yote mawili, na yote yanaishia kwa "i", kiasi kwamba kanusho linasikika kama mwangwi wa jina. Wengine huongeza kipande cha pili, "na akijinyoa hujikata", na hapo -ji- inatokea mara ya tatu: hajinyoi, akijinyoa, hujikata. Kitenzi kimehama kutoka kunyoa hadi kukata huku -ji- ikibaki palepale. Mtu hakubadilika wala wembe haukubadilika. Kilichobadilika ni matokeo. Mimi naipendelea fupi. Kipande cha pili kinaeleza ambacho ukimya ulikuwa umekwisha kukisema.

Hata hivyo nakubali kwamba kiambishi hu- cha "hujikata" kina kazi. Ni hu- ya mazoea. Haikusema "atajikata", ambayo ingeacha nafasi ya bahati, wala "anaweza kujikata". Ilisema hivyo ndivyo inavyokuwa, na ilimtaja kinyozi, si mwanagenzi. Hapo ndipo fani inapotuzuia tusiisome methali kama dharau kwa asiyejua. Huyu ni stadi. Kama tatizo lingekuwa ujuzi, yeye angepona. Tatizo ni mahali aliposimama.

Jaribu kulifuata jambo hilo kwa mikono. Wembe wa kukunja hulala juu ya ngozi kwa mwinamo wa kama nyuzi 30. Ukiulaza mno huvuta nywele, ukiusimamisha mno hukwangua na kukata. Mkono wa pili huivuta ngozi ikae sawa mbele ya makali. Kinyozi aliyesimama juu ya mteja ana macho mawili yanayoona makali yakitembea, na mikono miwili iliyo huru kuuzunguka uso. Anayejinyoa hana hayo. Akishika wembe kwa mkono wa kulia na kulielekea shavu la kushoto, kiganja chake mwenyewe kinamziba. Kioo kinampa kulia mahali pa kushoto. Mkono wa kuvuta ngozi unapita juu ya kichwa au chini ya kidevu kutafuta pa kushika. Katika kupapasa huko wembe huteleza kwa upande, kidogo tu, na mteremko wa upande ndio unaopasua ngozi, kwa kuwa makali yanayokwenda mbele hukutana na nywele na yanayokwenda kando hukutana na nyama. Hayo yote yamo ndani ya -ji-.

Naipinga methali kwa jambo moja. Watu wengi wamejinyoa kwa wembe wa kukunja maisha yao yote bila kovu, na hu- haiwezi kuwafuta. Ila mpangilio wake ni sahihi. Kijana wa Tala hujifunza kwenye uso wa mwingine kwanza, huku macho na mikono yake ikiwa huru na fundi amesimama nyuma yake. Anayejifunza peke yake nyumbani ameanza na somo gumu kuliko yote. Ikiwa ni wewe, basi anza na bapa la shavu chini ya sikio, ukiteremsha wembe kufuata nywele zinakoelekea. Kidevu, mdomo wa juu na koo viachie mashine kwa wiki za mwanzo.

Niongeze neno kuhusu nywele zetu, kwa kuwa mafunzo mengi ya wembe yameandikwa na watu wenye nywele zilizonyooka. Unywele wa kipilipili ukikatwa karibu mno, ncha yake hujikunja na kuchoma ngozi kutoka nje, au huota chini kwa chini bila kutokeza, na ndio unaoleta vipele vya ndevu kidevuni na shingoni. Kwa hiyo ushauri wa kupitisha wembe mara tatu, ya mwisho ukienda kinyume cha nywele na ngozi ikivutwa kwa nguvu, haumfai mtu wa kwetu. Pita mara moja, kwa kufuata nywele, ngozi ikishikwa tu isitetereke. Utabaki na kivuli kidogo cha ndevu, na hicho ni afadhali kuliko shingo yenye vipele. Vikiisha kutokea, acha kunyoa mpaka ngozi itulie.

Nimeiacha mwisho "Mtoto akililia wembe, mpe" kwa sababu kifani inazishinda zote. M-to-to a-ki-li-li-a: mizani 8 tena, na mifupa ileile ya methali ya kwanza: mtu, kisha -ki-, kisha amri. Lakini kipande cha pili ni we-mbe m-pe, mizani 4 tu. Ile ya kwanza ilipunguza 2, hii imepunguza nusu nzima. Zitazame irabu. Upande wa mtoto ni o, o, a, i, i, i, a: kilio hasa, na ile "lili" ya katikati inalia pamoja naye. Upande wa wembe ni e, e, e, hakuna nyingine. Midomo inafumba kwenye mb ya "wembe", inafumba tena kwenye m ya "mpe", na mkazo unaiangukia m hiyo, sauti ambayo haina hata irabu ya kuibeba. Kisha kimya. Kilichotokea baada ya mtoto kupewa hakimo. Methali imeikata hadithi pale tu makali yanapogusa mkono.

Ni kazi bora. Na kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayopotosha zaidi kuhusu namna watu wanavyojifunza. Umbo lake lina njia mbili tu, kunyima na kutoa, na "mpe" limekatwa fupi mno kiasi cha kukosa nafasi ya kusema umpe vipi. Nimemwona fundi akimpa mwanafunzi wake mpini usio na kiwembe. Kijana alipaka povu la sabuni kwenye mkono wake mwenyewe, akaliondoa kwa chuma kitupu, akarudia, fundi akimrekebisha mwinamo kwa kidole kimoja. "Usikandamize. Ushike kama kalamu." Kwingineko duniani wanafunzi wa unyozi hupaka povu kwenye puto na kuambiwa walinyoe bila kulipasua. Yote hayo ni njia ya tatu ambayo methali haikuiachia mlango: mtoto amepewa wembe, na makali yamebaki kwa mwenye kazi mpaka mkono utulie.

Shuleni "mpe" hufasiriwa kama haki ya mkaidi kufunzwa na ulimwengu, na kizazi baada ya kizazi huandika insha za kushangilia kidole kilichokatika. Mimi nasema ni methali iliyoundwa vizuri kuliko zote za wembe, na ni ushauri mbaya kuliko zote kwa mtu anayejifunza. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na uhakiki usioweza kuyasema yote mawili haujaisoma methali. Walimu wa Kiswahili wa Matungulu na kwingineko, mnapoifikia, msiwape watoto maana yake iliyokwisha pikwa. Wapeni mizani yake, wapeni irabu zake, kisha muwaruhusu wabishane nayo.